Saa Saba na Robo

Usiku wa kwanza katika nyumba mpya
Hjalmar alikaa kitandani kama abiria
aliyeambiwa treni imechelewa.
Nje, jua. Kiruna, mwezi wa sita, jua halizami,
linazungukazunguka juu ya vilima
kama mgeni asiyejua kuaga.

Lala, nikamwambia.
Nangoja, akasema.
Nini?
Akageuza uso, akatazama saa.

Miaka thelathini na mmoja alichimba chuma chini ya mji,
wiki ya mchana, wiki ya usiku, wiki ya alfajiri,
usingizi akiumega vipande vipande
kama mtu anayekula mkate amesimama mlangoni.
Na kila usiku, saa saba na robo,
baruti ililipuka huko chini:
vikombe vikagongana kabatini,
watoto wakajigeuza bila kuamka,
kisha kimya.

Shimo likazidi kuula mji miguu,
mji ukahama.
Tukapewa nyumba hii, kuta nene, vioo vya tabaka tatu.
Hapa hakitikisiki kitu.
Hapa mume wangu hakupata hata lepe.

Muuguzi Risten akampima presha, akakunja uso,
akampima tena.
Akaandika kwenye karatasi, kwa herufi za mtoto wa shule:
kahawa mwisho saa sita mchana,
simu ilale jikoni,
chumba kiwe na giza na ubaridi,
uamke saa ile ile hata kama hukulala,
na usingizi ukigoma, toka kitandani, kaa,
usishindane nao. Haujawahi kushindwa.

Kahawa! Kwa mwanamume wa huku, hiyo ni talaka.
Lakini akaiacha, akanuna siku tisa.
Mimi nikashona mablanketi mawili ya sufu,
nikayatundika dirishani, jua likabaki nje na mbu.
Saa ya ukutani nikaificha kwenye kapu la nguo chafu.
Haikusaidia. Alikuwa nayo kichwani.
Gizani nilimsikia akihesabu,
na mimi nikimhesabu yeye.

Usiku mmoja, mgongo ukiwa kwangu, akasema:
Tulikuwa hatulipui mpaka wote wamepanda juu.
Kwa hiyo ukisikia mshindo, unajua.
Eskil yuko juu. Vijana wa zamu wako juu.
Basi unalala.
Sasa sisikii, Gunvor. Sijui kama wamepanda.

Miaka yote ile nilidhani mshindo unamwamsha.

Hilo halikuwa kwenye karatasi ya Risten.
Kesho yake, saa saba na robo, nikaenda jikoni
peku, sakafu baridi kama kisu,
nikalipiga kabati kwa nyonga yangu nene ya uzee.
Vikombe vikagongana.
Kutoka chumbani nikasikia kicheko,
cha kwanza tangu tuhamie,
kisha mwayo, mrefu, wa farasi,
kisha akakoroma.

Nikagonga usiku wa pili, wa tatu, wa kumi.
Presha ikashuka. Akaacha kusahau miwani kwenye friji.
Akamtengenezea mjukuu baiskeli, bila kutukana.

Jana nilisimama pale tena, nyonga tayari,
nikasikiliza kwanza.
Alikuwa amelala fofofo, tangu saa nne,
pumzi zikienda na kurudi, hazina deni na mtu.
Wamepanda wote, nikajisemea.
Nikaacha vikombe vilale.

Nikarudi kitandani, nikavuta shuka,
nikafumba macho.
Saa nane.
Saa nane na nusu.
Sasa mimi ndiye niliye macho, nimekodoa kama bundi,
na katika nyumba nzima hakuna
wa kunigongea kabati.